Ndege Kiotani na Samaki wa Mavuno

Kila mwaka, mahindi yakishaingia ghalani na barabara zikishakauka, sisi watu wa Itumba huanza kuulizana habari za kitoweo. Maharage yapo, mboga za majani zipo, lakini mwili hutaka kubadilisha. Vijana hupanga safari. Wengine huelekea Kyela kufuata usipa na mbasa wa Ziwa Nyasa. Wengine hushuka bonde la Rukwa kufuata magege na kambale. Na wengine, kwa sauti ya chini kidogo, huzungumza habari za nyama ya porini.

Sisi tunaoandika makala haya ni wazee wa kanisa, wanaume wawili na mama mmoja. Mmoja wetu alivua Rukwa kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kurudi nyumbani kulima kahawa. Tunawaandikia washirika wenzetu kwa sababu kitoweo hakiishii chunguni. Kipo kinacholetwa kanisani kama sadaka, na siku kinapoletwa, maswali ambayo hayakuulizwa sokoni huja nacho.

Tuanze na nchi yenyewe, maana Mungu ametuweka mahali penye neema ya aina mbili. Mgeni anayefika mkoani kwetu, mkoa uliotengwa kutoka Mbeya mwaka 2016, huchanganywa na jina la Songwe kwa kuwa mito ya Songwe ni miwili. Mmoja ni huu wetu wa Ileje, mpaka wetu na ndugu zetu wa Malawi, unaoteremka kwenda Ziwa Nyasa. Wa pili unatoka upande wa Mbeya na kuelekea Ziwa Rukwa. Jina ni moja, lakini safari ni mbili. Maji ya mto wetu yakishafika Nyasa hutoka tena kwa Mto Shire, huingia Zambezi, na mwisho huifikia Bahari ya Hindi. Maji ya Songwe ya pili hufika Rukwa na kukaa hapo, kwa sababu Rukwa haina mto unaotoka. Jua la bondeni ndilo linaloyapunguza.

Wahubiri wengi hupenda mfano wa Bahari ya Chumvi: hupokea na haitoi, kwa hiyo imekufa. Mfano ni mzuri, ila Rukwa haukubali. Rukwa nayo haina mlango wa kutokea na maji yake yana magadi, lakini imewalisha watu vizazi vingi. Kinachotoka Rukwa hutoka ndani ya matenga, juu ya vichwa vya akina mama na kwenye pikipiki, hadi Kamsamba, Vwawa, Tunduma na huku kwetu. Ni ziwa lenye kina kifupi katika bonde la joto kali, nalo hupanuka na kusinyaa kufuata mvua. Mwaka 1929 lilikuwa na urefu wa takriban kilomita 50 tu, na miaka kumi baadaye, mwaka 1939, lilifika takriban kilomita 128. Aliyesoma habari za Yusufu na ng'ombe wanono na waliokonda ataelewa maisha ya mvuvi wa Rukwa. Kuna miaka ya kushiba na kuna miaka ya kutazama matope.

Nyasa ni ziwa la tabia nyingine. Lina kina cha mamia ya mita na mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Usipa huvuliwa usiku kwa taa. Mbasa, yule samaki mrefu mwenye rangi ya fedha, huacha ziwa wakati wa mvua na kupanda mito ili kutaga mayai. Hapo ndipo watu wa kandokando ya mito humpata kwa urahisi, na hapo ndipo anapohitaji kuachwa.

Kuhusu uwindaji, babu zetu waliwinda kwa mbwa, mikuki na nyavu. Walipata mbawala, ndezi, kanga na nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mashamba. Siku hizi misitu mingi imekuwa mashamba, na wanyama wakubwa tunaowasikia wako mbali na sisi, kule kwenye mapori ya akiba ya Rukwa na Lukwati. Huko hakuendi mtu na mbwa wake. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inataka mwindaji awe na leseni, awinde mnyama aliyetajwa, mahali palipotajwa, ndani ya msimu. Mwenye bunduki naye ana sheria yake, ya mwaka 2015. Anayetaka kuwinda kwa halali na aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, aeleezwe utaratibu. Asiyewinda lakini anatamani nyama naye ana njia, kwa kuwa mwaka 2020 Serikali ilitoa kanuni za biashara ya nyamapori, na mabucha yenye kibali yakaanza kufunguliwa nchini.

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni ya Serikali na kanisa halihusiki. Tunawaomba wafungue Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na wa 7. Musa, katikati ya maagizo makubwa ya taifa zima, anasimama kuzungumzia kiota cha ndege. Ukikuta kiota njiani, juu ya mti au chini, na mama amelalia mayai au makinda, huruhusiwi kumchukua mama pamoja na wanawe. Makinda unaweza kuchukua, mama umwachilie. Ahadi iliyofungwa na agizo hilo ni ya kushangaza. Ni kufanikiwa na kuishi siku nyingi, ahadi ileile anayopewa anayemheshimu baba yake na mama yake. Kiota kidogo cha njiani kimepewa uzito wa wazazi.

Mungu hakukataza kula. Tangu Nuhu aliposhuka kutoka safinani, wanyama na samaki walitiwa mkononi mwa mwanadamu kuwa chakula. Lakini kila aliporuhusu aliweka na mpaka. Katika Walawi 17 mwindaji Mwisraeli aliagizwa kuimwaga damu ya mnyama aliyemnasa na kuifunika kwa udongo. Porini, pasipo kuhani wala shahidi, mtu yule alitakiwa kuinama na kukiri kwa mikono yake kwamba uhai ule haukuwa mali yake. Na sheria yetu ya mwaka 2009 inakataza kuwinda mnyama mchanga, jike linaloonekana kuwa na mimba, au jike lililo na watoto. Waliotunga sheria hiyo walikaa bungeni, si Sinai, lakini wamefika kwenye kiota kilekile.

Sasa mzee wetu aliyevua Rukwa anatueleza jambo ambalo wengi wetu tunaokula samaki hatulioni. Jike la gege halitagi mayai na kuyaacha. Mayai yakisharutubishwa hulichukua kinywani, na humohumo ndimo vifaranga huanguliwa. Muda wote huo huwa halili, au hula kidogo sana. Vifaranga wakianza kutoka kujitafutia, wakiona hatari hurudi mbio na mama huwafungulia kinywa. Kwa hiyo kiota cha gege ni kinywa cha mama yake. Anayepitisha kokoro au chandarua kwenye maji ya pembeni, penye majani na joto, ambako majike hao hujificha, anabeba mama na wana kwa mkupuo mmoja. Kumbukumbu la Torati 22 limevunjwa ndani ya maji, mahali ambapo hakuna anayeona.

Chandarua chenye dawa kilitolewa kimkinge mtoto na malaria. Kikizamishwa ziwani huacha dawa yake majini na hakichagui cha kukamata. Vivyo hivyo utupa unaopondwa na kutiwa kwenye vidimbwi vya mto wakati wa kiangazi: samaki wakubwa huelea, wadogo huelea, hata vijidudu wanavyokula huelea. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zake imekataza sumu, baruti na zana haribifu kama hizo. Mara nyingine ziwa zima hupumzishwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Wanaomjua Mungu aliyeagiza ardhi ipumzike kila mwaka wa saba hawapaswi kushangaa kusikia kwamba maji nayo yanahitaji sabato.

Haya yote tungeyaacha kwenye mahubiri kama si Jumapili moja ya mavuno.

Siku hiyo kanisa lilijaa. Watu walileta madebe ya mahindi, mikungu ya ndizi, maharage, kuku waliofungwa miguu, na kahawa. Baada ya ibada hufanyika mnada, na fedha za mnada ule zilikuwa zimeshapangiwa bati za upande wa mashariki wa jengo, ambako mvua huwalowesha wanakwaya. Miongoni mwa vitu vilivyowekwa mbele kulikuwa na tenga la samaki wakavu, zuri, limefungwa kwa kamba mpya. Lilikuwa limeletwa na kijana wetu mmoja wa kwaya ambaye hufanya biashara ya samaki. Baba yake alifariki akiwa shule ya msingi, na kwa biashara hiyo anamtunza mama yake na wadogo zake wawili.

Mzee wetu mvuvi alikuwa ndiye anayepanga vitu vya mnada. Alifungua tenga, akachukua samaki mmoja, akamweka kiganjani. Samaki alikuwa mfupi kuliko kidole gumba. Akamwita kijana pembeni, nyuma ya ofisi.

"Mwanangu, samaki hawa umewatoa wapi?"

"Rukwa, baba. Ni dagaa."

"Hawa si dagaa."

"Sokoni wanaitwa dagaa, baba."

"Sokoni, sawa. Majini hawa ni magege ambao hawajafikisha hata miezi miwili. Na ziwa lilikuwa limefungwa."

Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Baba, Mungu ndiye aliyenijalia. Nimemtolea alichonijalia."

Tenga liliondolewa mezani kabla ya mnada kuanza, na jioni ile baraza la wazee likakutana. Tunawaeleza yaliyosemwa, kwa sababu kila upande ulisema kwa moyo safi.

Wa kwanza kusema alikuwa mtunza hazina. Alisema sadaka haiulizwi hati ya kusafiria. Tukianza na samaki, kesho tutauliza mahindi yalilimwa kwenye shamba la nani, na keshokutwa hakuna atakayetoa kitu. Akaongeza kwamba samaki wale walishakufa. Kuwakataa hakuwarudishi ziwani, bali kunatuacha bila bati.

Wa pili alisema kijana yule ametoa kuliko wengi. Wapo miongoni mwetu wenye ng'ombe ambao walileta kibaba cha karanga. Tukimrudishia huyu tenga lake, tutakuwa tumemfunga mikono mtoaji na kuwaachia wenye mikono mizito.

Mzee mvuvi alifungua kitabu cha Malaki, sura ya kwanza. Pale nabii anawagombeza watu waliomletea Bwana mnyama aliyenyang'anywa, na kilema, na mgonjwa, kisha wakatazamia apokee. "Mungu hakuwaambia walete kikubwa," alisema. "Aliuliza kimetoka wapi. Na mimi nauliza: samaki huyu amenyang'anywa nani? Amenyang'anywa mvuvi wa mwakani. Yule aliyetii, akatundika wavu wake ukutani wakati wa kufungwa kwa ziwa, watoto wake wakala ugali na chumvi, ndiye aliyeibiwa. Naye huenda ni mkristo kama sisi, ana kanisa lake kule bondeni, na kanisa lake halina bati."

Hapo chumba kilitulia. Mpaka wakati ule tulikuwa tunazungumza habari za samaki na sheria. Mtu aliyetundika wavu wake hakuna aliyekuwa amemfikiria.

Mchungaji alitukumbusha habari za Isaka. Isaka alimpenda Esau kwa kuwa alikula mawindo yake. Uzeeni, macho yamefifia, aliletewa chakula kitamu alichokipenda, naye akauliza swali moja zuri: imekuwaje umepata upesi hivi, mwanangu? Yakobo alijibu kwamba Bwana Mungu wake ndiye aliyemfanikishia. Nyama ile ilikuwa ya wana-mbuzi wa nyumbani. Swali lilikuwa sahihi. Jibu lilikuwa uongo uliovikwa jina la Mungu, na harufu ya mavazi ya Esau ikamaliza mazungumzo. "Nasi tuna njaa," mchungaji alisema. "Njaa yetu ni ya bati. Tuangalie harufu isitumalizie mazungumzo."

Uamuzi ulikuwa huu. Tenga halitauzwa kwenye mnada wa Bwana. Halitachomwa wala kutupwa, maana Bwana wetu mwenyewe, baada ya kuwalisha maelfu, aliagiza vipande vikusanywe kisipotee kitu. Lingerudishwa kwa kijana bila kutangazwa mbele ya watu. Na wazee tungechanga sisi wenyewe thamani ya tenga lile na kuiandika kwenye daftari la mavuno kwa jina lake, ili orodha itakaposomwa asikosekane.

Tulifikiri hilo la mwisho lingempoza. Halikumpoza. Jina lake liliposomwa Jumapili iliyofuata alitoka nje, na hakurudi msimu wote wa mvua. Mama yake aliendelea kuja. Alikaa kiti chake kilekile, aliimba, alitoa sadaka yake, na alitupita mlangoni bila salamu. Mwenye kujua uzito wa salamu katika nchi hii ataelewa tulivyozipita Jumapili zile. Bati nazo hazikutosha. Tuliezeka nusu, na nusu nyingine wanakwaya waliendelea kulowa.

Mama aliye mzee mwenzetu ndiye aliyekwenda nyumbani kwao, mwezi wa pili, akiwa na ndizi za kupeleka. Kijana alimpokea kwa heshima, akampa kiti, akasikiliza. Kisha akasema, "Mama, mimi sibishi Maandiko. Lakini sokoni watu wakiona tenga la samaki wakubwa wanauliza bei na kupita. Hawa wadogo wanaisha kabla ya saa nne. Anayetaka niache biashara hii anioneshe nyingine."

Mama yule aliporudi barazani alisema neno ambalo tumelishika hadi leo. Macho ya wavu hupimwa jikoni. Mvuvi hufuata mchuuzi, mchuuzi hufuata sufuria. Mwenye kijiko mkononi ndiye anayeagiza ukubwa wa samaki, hata kama hajawahi kuliona ziwa. Kwa hiyo mazungumzo yakatoka barazani, yakaenda kwenye vikundi vya akina mama, na kutoka hapo hadi sokoni Jumamosi.

Kuhusu biashara nyingine, tulimwendea afisa uvuvi, na vijana saba wa ushirika wakachimba bwawa kwenye bonde la kijito, chini ya shamba la kanisa. Kuchimba ni kazi ya jembe na koleo, na udongo wa mfinyanzi ndio unaoshika maji. Samadi hutiwa kwanza mpaka maji yawe ya kijani, ishara kwamba chakula cha samaki kimeanza kuota. Ndipo vifaranga vya perege hutiwa, wakalishwa pumba na mashudu. Mavuno ya kwanza yalikuja baada ya miezi saba, nayo hayakuwa makubwa, kwa kuwa ndege mvuvi walikuwa wamevuna kabla yetu. Mwaka wa pili tuliweka nyavu juu na hali ikawa bora.

Kijana wetu hakuchimba bwawa lile siku ya kwanza. Alikuja siku ya nne akiwa na koleo lake, akashuka shimoni bila kusema kitu. Sasa ana hisa bwawani. Bado husafiri kwenda Rukwa, lakini huenda ziwa likiwa limefunguliwa, na huleta magege ya kiganja kizima. Faida imepungua, yeye mwenyewe ametuambia, na hatuwezi kuwadanganya washirika kwamba utii humjaza mtu mifuko. Ibadani huja. Kwenye kwaya hajarudi. Mama yake hutusalimu.

Tunalitaja pia jambo la nyama ya usiku, maana bwawa haliwezi kulijibu. Mtu hubisha hodi baada ya saa tatu, ana mfuko, na bei yake ni nusu ya bei ya bucha. Nyama ile mara nyingi imetoka kwenye mtego wa waya. Mwenye kutega waya huweza kusahau alikotega, lakini waya hausahau; hukamata mwenye mimba na mwenye kunyonyesha, na wengine huozea palepale pasipo kuliwa na mtu. Nyama isiyokaguliwa huweza kuleta kimeta nyumbani. Na anayekutwa nayo bila kibali ana kesi, awe aliua au alinunua. Lakini kwetu tunaoamini liko la kutazama kabla ya kesi. Chakula tunachokiombea mezani kwa sauti kubwa hakipaswi kuwa kile tulichokipokea kwa kunong'ona mlangoni. Na nguruwe pori wakivamia shamba, taarifa ipelekwe kwa mtendaji na kwa afisa wanyamapori. Mahindi yetu ni ya kutetewa, na ipo njia ya kuyatetea.

Wengine watasema leseni ni mzigo kwa maskini. Ni kweli kwamba inagharimu. Lakini tusome Mathayo 17. Watoza kodi ya hekalu walipomwendea Petro, Bwana Yesu alieleza kwamba wana wa mfalme wako huru, kisha, ili wasiwakwaze watu, akamtuma Petro baharini na ndoana. Samaki wa kwanza alikuwa na fedha kinywani, ikatosha kwa wote wawili.  Mvuvi aliyekuwa karibu na Mwana wa Mungu aliagizwa kulipa kilichodaiwa, kwa samaki aliyevuliwa kwa ndoana, mmoja.

Basi, ndugu zetu, kiangazi kikija, nendeni mkavue. Nendeni Kyela mkaone mitumbwi ya usipa ikirudi alfajiri, nendeni Rukwa mkajionee ziwa lisilo na mlango, lakini muwe macho na mamba wake. Mwenye uwezo na leseni na awinde ndani ya msimu. Ukifika mwalo wowote, uliza kwanza kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, kama maji yamefunguliwa na zana gani zinaruhusiwa. Sokoni, mnunue samaki aliyekwisha kuzaa walau mara moja. Mchuuzi akiwaambia Mungu amemjalia, mshukuruni Mungu pamoja naye, kisha mwulize kwa upole, kama Isaka, imekuwaje. Kuuliza si kumtukana. Na akijibu vizuri, mlipeni bei yake bila kumkandamiza, kwa sababu samaki mkubwa aliyengojewa amemgharimu mtu fulani miezi ya kula ugali na chumvi.

Yohana 21 inatuambia kwamba wanafunzi walivuta wavu wenye samaki wakubwa mia moja hamsini na watatu, na wavu haukupasuka. Walipofika ufukweni walimkuta Bwana ameshawasha moto wa makaa, samaki wako juu yake, na mkate. Chakula kilikuwa tayari kabla hawajaleta cha kwao, lakini bado aliwaambia walete katika walichovua. Ndivyo anavyotuambia nasi kila Jumapili ya mavuno. Mwaka huu bati za upande wa mashariki bado hazijatimia. Tenga la samaki wa bwawani limeshaandikwa kwenye daftari, na tunawakaribisha wengine walete.